Frasila, Fundo na Moli

Istilahi mpya aghalabu hudhaniwa kuwa mgeni asiye na ndugu katika lugha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba moli, kipimo kinachowatatiza wanafunzi wengi wa kemia, kina jamaa wa siku nyingi katika Kiswahili.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora. Miongoni mwa bidhaa zake ulikuwamo ushanga. Kete 10 zilifanya fundo. Mizigo ilipimwa kwa frasila, yaani takriban kilo 16. Hapana aliyehesabu chembe moja moja. Hata hivyo, frasila ya ushanga mdogo ina chembe nyingi kuliko frasila ya ushanga mkubwa: uzani ni mmoja, idadi ni mbali mbali.

Hilo ndilo fumbo la moli. Moli ni fundo la mwanakemia: tangu mwaka 2019 imefasiliwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Neno lenyewe lilizaliwa katika Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa kufupisha jina la molekuli. Mfasiri asiyejua asili hiyo angeweza kuliita fuko, yule mnyama mchimba ardhi! Kulitohoa kulikuwa ni busara.

Sasa tutazame majembe ya chuma, ambayo nayo yaliuzwa sana Unyamwezi. Katika tanuri la mkaa, mawe ya chuma hugeuka hivi:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Tuseme tunayo frasila moja ya oksidi safi ya chuma. Mwanafunzi asomaye tarakimu za mlinganyo kama uzani atasema moja huzaa mbili, basi tutapata frasila mbili za chuma. Chuma kitazidije jiwe lililokizaa? Tarakimu zile ni za idadi. Moli moja ya oksidi ina gramu 160. Gramu 16,000 ni moli 100. Mlinganyo unatupa moli 200 za chuma, na kwa kuwa kila moli ni gramu 56, jibu ni kilo 11.2.

Hapana budi, basi, waandishi wa vitabu watenge daima maneno idadi na uzani, na wafafanue kwamba kusawazisha mlinganyo ni kulinganisha atomu, wala si moli: hapo juu moli 4 zimezaa 5.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimefundishia shule za msingi, lakini kemia ya sekondari ikabakia katika Kiingereza. Hata hivyo, Kipalapala, jirani na Tabora, palikuwa na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kiswahili katika nchi ile ile iliyopitiwa na mizigo ya ushanga. Lugha iliyobeba frasila na fundo haishindwi kubeba moli. Kinachotakiwa ni mwalimu aieleze kwa maneno ambayo mwanafunzi anayamiliki, ili jibu analolipata awe na uwezo wa kulitetea.