Ukumbusho wa Lubumbashi

Historia haimo vitabuni tu. Katika mji wa Lubumbashi, miaka ya 1970, ilitundikwa pia ukutani, katika vyumba vya kupokelea wageni vya wafanyakazi na makarani. Wachoraji walipaka rangi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakauza picha zao nyumba kwa nyumba. Kiswahili cha huko kiliziita ukumbusho.

Picha iliyopendwa mno iliandikwa "Colonie Belge". Mfungwa amelazwa kifudifudi. Askari Mwafrika anamchapa kiboko. Mbelgiji amesimama kando akitazama. Bendera inapepea juu yao. Kwa nini mtu aipambe nyumba yake kwa aibu hiyo, ilhali uhuru ulikwisha patikana mwaka 1960? Jibu limo katika neno lenyewe. Kukumbusha si kukumbuka tu. Ni kumfanya mwingine akumbuke. Mwenyeji na mgeni waliweza kuzungumza juu ya Wabelgiji, kumbe mioyo yao yawaza habari za utawala wa siku zile, usiovumilia lawama. Tena, mshika kiboko hakuwa Mzungu. Hilo kila mtazamaji aliliona.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwako Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake, akazieleza kwa Kiswahili mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, aliyezitoa kitabuni mwaka 1996. Alichora wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Desemba 1941 wakapigwa risasi. Alichora pia kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao akasimamisha misalaba mitatu. Watu walionyimwa makaburi wakapata alama ya msiba, na majonzi ya taifa yakapata umbo.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakujulikana alipo. Kazi yake imebaki.

Basi, walimu wenzangu, tunapofundisha habari hizi tusianze na tarehe. Tuwawekee wanafunzi picha, tuwaulize kwa Kiswahili: nani anaumia, nani anatazama, na nani ameshika kiboko? Wakisha kujibu, ndipo tuwaulize swali la nne: je, mtu huyo tumepata kumwona kwetu?