Jiko na Msitu: Mtu wa Kawaida katika Vita vya Mlima Kenya, 1952–1956

Historia ya vita vya ukombozi wa Kenya imezoea kuandikwa kwa majina ya majemadari. Dedan Kimathi, Waruhiu Itote aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, na Musa Mwariama wa Meru wamepata nafasi yao, na ni haki yao. Hata hivyo, jeshi lisilo na ghala, kiwanda wala mshahara haliwezi kudumu msituni kwa miaka kadhaa bila ya kulishwa. Swali linalostahili kuulizwa, basi, ni hili: ni nani aliyelilisha?

Timau ni mahali pafaapo kuanzia. Mji huo mdogo umo katika barabara ya Nanyuki hadi Meru, kwenye miteremko ya kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya. Zama za ukoloni eneo hilo lilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi: juu msitu, chini mashamba ya ngano na kondoo, na vibarua Waafrika wakiishi baina ya hayo mawili. Kuuzunguka mlima hadi Nyeri, watu wa kawaida walijikuta wamewekwa kati ya dola iliyoitwaa ardhi yao na wana wao waliokwenda kuipigania.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kazi ya watu hao ilikuwa imekwisha anza. Wanawake walipeleka chakula, nguo na dawa ukingoni mwa msitu. Wengine walichukua habari na risasi. Muthoni wa Kirima alianza kwa kazi hiyo hiyo ya kupeleka chakula na habari, kisha akaingia msituni mwenyewe, akapanda hadi cheo cha juu kabisa cha kijeshi, na hakutoka mpaka mwaka 1963.

Msaada huo ulikuwa na lugha yake. Neno la kawaida la Kiswahili, muhimu, lilifanywa jina la siri la harakati. Mbuci, lililokopwa kutoka Kiingereza, likawa kambi ya msituni. Itungati, walinzi wa nyuma wa vita vya kale vya Wagikuyu, wakawa wapiganaji wapya. Na gakunia, yaani kigunia, likawa jina la msaliti aliyefichwa uso kwa gunia huku akiwatambulisha jirani zake. Msamiati huu ni kumbukumbu ya jamii iliyolazimika kupima kila siku ni nani wa kuaminiwa.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika mbinu za serikali yenyewe. Kuanzia Juni 1954 vita vilielekezwa jikoni. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi, na raia wakashurutishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu ili kuikata njia ya chakula. Njaa na maradhi viliwaua wengi vijijini, hasa watoto. Adui asingaligharimika hivyo kama jiko halikuwa nguzo ya msitu.

Si haki, lakini, kudai kwamba wote walitoa kwa hiari. Wako waliolishwa kiapo kwa nguvu, na homugadi nao walikuwa watoto wa vijiji hivyo hivyo. Kwa wengi, kumpa mpiganaji chakula kulikuwa ni kuchagua baina ya hofu mbili.

Marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Mnara wa ukumbusho uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 2015, unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Mwanamke huyo hana jina. Ndivyo walivyokuwa wengi wa aina yake: usalama wa msitu ulitegemea majina yao yasijulikane. Ni wajibu wa wanahistoria na wanalugha kuhakikisha kwamba siri iliyowalinda wakati wa vita haiwi sababu ya kuwasahau wakati wa amani.