Namba ya Pambizoni: Miaka 300 ya Kuutafuta Umri wa Dunia

Mwanzoni mwa karne ya 18, msomaji wa Kiingereza aliyefungua Biblia yake kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo alianza kukuta namba ndogo pambizoni mwa ukurasa: 4004. Huo ndio mwaka, kabla ya Kristo, ambao dunia iliaminika kuumbwa. Namba hiyo haimo katika aya yoyote. Wachapaji ndio walioiweka, kuanzia toleo la 1701, ili kumsaidia msomaji kufuata mfuatano wa matukio. Ikakaa hapo kizazi baada ya kizazi, hata wengi wakaizoea kama sehemu ya Maandiko yenyewe. Mpaka leo wapo wanaoona kwamba anayeitilia shaka hesabu hiyo anamtilia shaka Mungu.

Historia yake inafaa kusimuliwa tangu mwanzo, kwa sababu wengi wetu tumeisikia nusu: kwamba dini ilisema hivi, sayansi ikasema vile, zikagombana. Nusu iliyobaki ni kwamba wengi wa waliotangulia kuihesabu miaka ya dunia walikuwa waumini, na ni imani iliyowatuma kuhesabu.

Askofu aliyehesabu vizazi

James Ussher alikuwa Askofu Mkuu wa Armagh, Ireland, na mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake. Alijumlisha umri wa mababu wanaotajwa katika Biblia, kutoka Adamu kushuka chini, kisha akatafuta mahali ambapo Biblia inakutana na historia ya mataifa mengine. Alipapata kwenye kifo cha Nebukadneza, mfalme wa Babeli, mwaka 562 KK. Kutoka hapo akahesabu kurudi nyuma. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1650 aliandika kwamba uumbaji ulianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba, 4004 KK.

Si haki kumcheka. Johannes Kepler, aliyegundua kanuni za mwendo wa sayari, naye alipiga hesabu akapata 3992 KK. Kalenda ya Wayahudi huanzia 3761 KK, na ile ya Wakristo wa Bizanti ilianzia 5509 KK. Sababu mojawapo ya tofauti hizo ni kwamba tafsiri ya kale ya Kigiriki inawapa mababu kadhaa miaka mingi kuliko maandishi ya Kiebrania. Kwa hiyo hata waumini walioshika kitabu kimoja hawakupata jibu moja. Ussher alitumia ushahidi bora uliokuwa mezani pake. Mawe yalikuwa bado hayajaitwa kutoa ushahidi.

Mawe yanaitwa

Mwaka 1788 Mskoti James Hutton, mtu aliyesomea udaktari akawa mkulima, alipanda mashua pamoja na John Playfair na James Hall, wakaambaa pwani ya mashariki ya Uskoti hadi mahali paitwapo Siccar Point. Waliona matabaka ya mwamba wa kijivu yamesimama wima kama vitabu rafuni, na juu yake matabaka mekundu ya mchanga uliogeuka jiwe yamelala karibu usawa.

Hutton, aliyeamini kwamba dunia imepangwa na Muumba mwenye hekima, aliwafafanulia wenzake jiwe lile. Tope lilitua chini ya bahari, likagandamana likawa mwamba. Mwamba ukakunjwa ukainuliwa. Mvua na mawimbi yakaula hadi ukawa bapa. Kisha mchanga mpya ukatandazwa juu yake, nao ukawa jiwe. Mkulima anayejua mto unavyoleta tope kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, haoni namna kazi hiyo ingeisha katika miaka 6,000.

Charles Darwin alihitaji muda wa namna hiyo. Mageuko ya viumbe, kama alivyoyaeleza mwaka 1859, hutokana na tofauti ndogo zinazorithiwa na kurundikana kwa vizazi visivyohesabika. Katika kitabu chake alikadiria kwamba eneo la Weald, kusini mwa Uingereza, lilimomonyolewa kwa miaka milioni 300. Wakosoaji wakamwonyesha kasoro za hesabu hiyo, na katika toleo la tatu, mwaka 1861, akaiondoa.

Pigo kubwa zaidi kwake lilitoka kwa mwanasayansi mwenzake. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliichukulia dunia kama ugali uliopakuliwa: ukijua joto lake ulipotoka jikoni na joto lake sasa, unaweza kukisia uliepuliwa lini. Mwaka 1862 alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kufikia 1897 alikuwa ameipunguza hadi kati ya milioni 20 na 40, muda usiotosha kabisa kwa mageuko ya Darwin. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alieleza kosa lilipokuwa. Huenda ndani ya dunia hakujatulia kama ugali, bali kunazunguka kama uji, na joto la chini hupanda juu daima. Kelvin hakukubali.

Saa iliyofichwa ndani ya jiwe

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba urani hutoa mionzi yenyewe. Muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba urani hubadilika kuwa risasi kwa kasi isiyobadilika. Jiwe lenye urani lina saa ndani yake: pima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, utajua jiwe lina umri gani. Mwaka 1911 kijana Mwingereza, Arthur Holmes, alitumia njia hiyo akapata jiwe la miaka milioni 1,640. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akarudi kwao na malaria, na akaendelea kupima mawe maisha yake yote.

Kazi ilikamilishwa na Mmarekani Clair Patterson, aliyepima risasi ndani ya vimondo, kikiwemo kile cha Canyon Diablo huko Arizona. Risasi iliyotapakaa hewani na vumbini iliharibu vipimo vyake tena na tena, ikambidi aisafishe maabara kuliko ilivyozoeleka. Mwaka 1956 alichapisha jibu: miaka bilioni 4.55, ikipungua au kuzidi kwa milioni 70. Hadi leo jibu hilo limesimama.

Mwaka 1961

Ugomvi haukuisha. Mwaka 1925, huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuko ya binadamu. Linalosahaulika ni kwamba William Jennings Bryan, aliyekuwa upande wa kumshtaki, alipoulizwa kizimbani alikiri kwamba siku sita za uumbaji si lazima ziwe za saa 24.

Wanaoshikilia dunia ya miaka elfu chache walipata nguvu mpya mwaka 1961, pale mwanateolojia John Whitcomb na mhandisi wa maji Henry Morris walipotoa kitabu wakidai kwamba gharika ya Nuhu ndiyo iliyotandaza sehemu kubwa ya matabaka ya miamba.

Mwaka huohuo, jarida la Nature lilitoa umri wa tabaka la chini la bonde la Oldupai, Tanganyika. Hapo ndipo mwanaakiolojia Mary Leakey alipoona fuvu la zamadamu tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa mgonjwa kambini. Waliliita Zinjanthropus, kwa jina la Zinj, ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu. Louis, mzaliwa wa Kabete na mtoto wa wamisionari, alikuwa amelikadiria kuwa na miaka kama 600,000. Wanasayansi Jack Evernden na Garniss Curtis wakapima majivu ya volkano kwa saa nyingine, ya potasi inayogeuka gesi ya agoni. Saa hiyo huanza upya volkano inapotema, kwa kuwa joto huifukuza gesi yote. Wakapata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya Louis. Aliipokea, akatia jina lake kwenye makala hiyo.

Swali la kuuliza

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Darwin alifuta hesabu yake. Leakey aliachia ya kwake. Hapo ndipo ninapoona mpaka wa kweli katika mjadala huu, wala hautenganishi kanisa na maabara. Georges Lemaître, aliyetufundisha kwamba ulimwengu una mwanzo na unatanuka, alikuwa padri. Kurani nayo inazitaja siku sita bila kuorodhesha miaka ya mababu ya kujumlishwa. Mpaka uko kati ya hesabu inayokubali kusahihishwa na ile iliyoapa kutosahihishwa.

Ndiyo maana natamani mwalimu wa darasa lolote aandike ubaoni namba zote mbili, 4004 KK na bilioni 4.55, aeleze kila moja ilivyopatikana, na amwache mwanafunzi aulize ni ushahidi gani ungeweza kuiangusha. Mtoto wa Mkristo asiogope somo hilo. Kilichofutwa ni namba ya pambizoni. Aya iko palepale.