Kanisa la Mraba la Burntisland

Upande wa kaskazini wa ghuba ya Forth, mkabala wa Edinburgh, uko mji mdogo wa bandari uitwao Burntisland. Mwaka 1592 wenyeji wake walianza kujenga kanisa jipya juu ya bandari, wakaliacha lile la kale la Kirkton. Ni miongoni mwa makanisa ya kwanza kujengwa Uskoti baada ya Matengenezo ya mwaka 1560, na umbo lake halikuwa na mfano katika nchi hiyo.

Kwa karne nyingi Waskoti walikuwa wakisali katika majengo marefu yaliyoelekea mashariki, penye madhabahu. Padre alikuwa mbele, watu nyuma, na umbali uliokuwa baina yao ulikuwa na maana yake. Misa ilipopigwa marufuku, sharika nyingi zilibaki katika majengo yale yale, zikaondoa madhabahu na kuweka mimbari ubavuni. Watu wa Burntisland hawakubanwa na kuta za wazee wao, nao wakajenga mraba. Katikati walisimamisha nguzo nne nene zilizounganishwa kwa matao ili kubeba mnara. Mimbari iliegemezwa kwenye nguzo mojawapo, na wasikilizaji wakaketi kuizunguka. Imani iliyosema kwamba neno lililohubiriwa ndilo kiini cha ibada ilikuwa imepata nyumba yake.

Husemwa mara nyingi kwamba ramani yake iliigwa kutoka Noorderkerk, kanisa la Amsterdam. Hayo hayawezekani, maana Noorderkerk lilianza kujengwa mwaka 1620. Yafaa mabaharia na mafundi wa Burntisland waachiwe sifa yao wenyewe.

Mwezi wa Mei mwaka 1601 Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti lilikutana mjini humo, naye Mfalme James wa Sita akahudhuria. Hapo lilitolewa shauri kwamba Biblia ya Kiingereza itafsiriwe upya, na mfalme aliliunga mkono kwa bidii, akitaja makosa ya tafsiri zilizokuwapo. Halikutekelezwa wakati huo. Mwaka 1603 James alirithi pia kiti cha Uingereza. Mwaka wa pili yake shauri kama hilo likatolewa tena katika mkutano wa Hampton Court, na tafsiri yenyewe ikatoka chapani mwaka 1611.

Walakini mraba haukufuta vyeo. Mwaka 1606 kilitengenezwa kiti cha fahari, chenye nguzo za mbao zilizochongwa na paa lake, kwa ajili ya Sir Robert Melville, bwana wa ngome ya mji. Baadaye kikawa cha mahakimu. Kiti hicho kiliwekwa katikati, kikitazama mimbari. Kisha vyama vya mafundi na wafanyabiashara vikajijengea roshani kuzunguka kuta, kila kimoja na yake, na kupamba mbao zake kwa alama za kazi yao. Basi watu waliokuwa sawa mbele ya mahubiri walipangwa ndani ya kanisa sawasawa na walivyopangwa sokoni, na mgeni angeweza kusoma daraja za mji mzima kwa kuinua macho tu. Hapana shaka wazee wa kanisa hawakuona kinyume chochote katika jambo hilo. Kwao utaratibu nao ulikuwa amri ya Mungu.

Roshani ya mabaharia ndiyo inayopendeza kuliko zote. Imechorwa merikebu, pamoja na baharia mwenye vyombo vyake vya kupimia njia. Ina ngazi yake ya mawe nje ya ukuta, kwa kuwa bahari haikungoja mahubiri yaishe: maji yalipojaa, waliotakiwa melini walitoka kwa mlango wao bila kupita mbele ya mahakimu, wakashuka bandarini.