Jinsi ya Kufunga Shelfu Kwa Ukuta wa Simiti Bila Kulilia Dipoziti

Bedsita ya Nairobi unaijua. Kitanda hapa, meko pale, nguo juu ya kiti, sufuria chini ya meza na viatu vimepangwa nyuma ya mlango kama wasee wakingoja mat. Sakafu imejaa mpaka basi, lakini ukuta uko tu, hauna kazi. Shelfu mbili tatu zinaweza kuipa hiyo keja pumzi.

Shida ni kwamba ukuta wa mawe na simiti hautaki kazi ya kubahatisha. Ukigonga msumari wa kawaida unapinda, plasta inabanduka, na siku ya kuhama keateka anakuja kuhesabu mashimo. Mbaya zaidi ni shelfu kudondoka usiku na kuna mtu amelala chini yake. Hii hapa kazi yote, hatua kwa hatua.

1. Bonga na keateka kwanza

Kabla drili ilie, omba ruhusa, na uombe kwa meseji ndio jibu libaki kwa simu. Ruhusa ya mdomo husahaulika haraka sana siku ya kurudishiwa dipoziti. Piga pia picha ya ukuta ukiwa bado mzima.

2. Jua ukuta wako

Keja nyingi za mtaa zimejengwa na mawe ya kwari au bloku, halafu zikapigwa plasta juu. Plasta huwa na unene wa karibu milimita 15, na hiyo haishiki kitu. Inayobeba shelfu ni jiwe lenye liko nyuma yake.

Gonga ukuta na ngumi. Sauti nzito na fupi ni jiwe au zege. Sauti kama ya ngoma ni plasta imeachana na ukuta, au ni ubao wa jipsam, au ni bloku yenye uwazi ndani. Hapo sogea mahali pengine, ama utafute fisha za aina hiyo ya ukuta.

Kwa nguzo na bimu za jengo, achana nazo. Ndani kuna nondo, na hiyo ndio mifupa ya nyumba.

3. Elewa uzito

Watu wengi hudhani shelfu huvutwa chini peke yake. Ukweli ni kwamba skrubu ya juu huvutwa kutoka nje ya ukuta, na kadiri mzigo unavyokaa mbali na ukuta ndivyo inavyovutwa zaidi.

Chukua braketi yenye skrubu ya juu iko sentimita 20 kutoka kona ya chini. Ukiweka kilo 10 kwa ukingo wa mbele, sentimita 25 kutoka ukutani, skrubu inavutwa na nguvu ya kama kilo 12.5. Uzito huo huo ukisukumwa hadi sentimita 5 kutoka ukutani, inavutwa na kilo 2.5 tu. Vitu vizito vikae nyuma, vyepesi mbele.

Na ukumbuke mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu plastiki. Huo ukae chini.

4. Vitu utahitaji

- Drili yenye alama ya nyundo. Ile ya mbao peke yake itaota moto bure. Kama huna, azima au ulipe fundi mwenye nayo.
- Biti ya ukuta ya milimita 8. Ncha yake ni pana kidogo kushinda mwili.
- Fisha za milimita 8, zile plastiki zenye meno hupanuka ndani ya shimo.
- Skrubu za unene wa milimita 5. Urefu piga hesabu: plasta 15, fisha 40, braketi 3, jumla 58. Chukua skrubu ya milimita 60.
- Braketi za chuma. Mkono wa kubeba ubao ufike angalau theluthi mbili ya upana wa ubao. Kama mikono haitoshani, ule mrefu ndio hulala kwa ukuta.
- Ubao. Sipresi iliyokauka vizuri ni poa. MDF ni laini na safi, lakini hupinda ikibeba mzigo na huvimba ikipata maji.
- Pima maji, penseli, tepu ya kupima, bisibisi, miwani na maski.

Usiruke maski. Vumbi ya mawe na simiti ni mbaya kwa mapafu.

5. Weka alama

Tafuta soketi na swichi. Nyaya za stima kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, na wakati mwingine huenda mlalo. Usitoboe juu, chini wala kando ya swichi kwa mstari mmoja nayo. Stima yetu ni volti 240, haina utani. Ukuta wenye uko nyuma ya bafu au sinki pia una mabomba, na hayo hufuata mfereji. Kama huna uhakika, huo ukuta uache.

Shika braketi ya kwanza, weka alama za matundu. Tumia pima maji kupata kimo cha braketi ya pili. Huna? Mpira mwembamba unaoonyesha ndani ukijazwa maji unafanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu maji ya pande zote mbili hukaa kimo kimoja. Mafundi wametumia hiyo miaka yote.

Braketi zikae sentimita 40 hadi 60 kutoka moja hadi nyingine. Ubao wa mita moja weka tatu kama utabeba vitabu au vyombo.

6. Toboa

Funga kipande cha selotepu kwa biti, milimita 70 kutoka kwa ncha. Hiyo ndio alama ya kusimama.

Anza polepole bila nyundo mpaka upite plasta, ndio isipasuke. Kisha washa nyundo. Shikilia drili na mikono miwili, wima kabisa kwa ukuta, na usiisukume kama unasukuma gari. Itoe mara kwa mara vumbi itoke.

Ukigonga kitu na biti ikakataa kabisa kusonga, simama. Inaweza kuwa nondo au bomba la chuma. Sogeza shimo.

Ukimaliza, toa vumbi yote ndani, na pampu ndogo au brashi nyembamba. Shimo chafu hufanya fisha iteleze.

7. Funga

Gonga fisha na nyundo polepole, halafu isukume na msumari mpaka ipite plasta ikae ndani ya jiwe. Ikiishia kwa plasta, itatoka na plasta yake.

Weka braketi, kaza skrubu za juu kwanza kidogo, kisha za chini, halafu kaza zote. Skrubu ikizunguka tu bila kukaza, shimo limekuwa kubwa. Usijaze njiti za kiberiti. Panua kwa biti ya 10 na uweke fisha ya 10, na skrubu nene ya kuitosha.

Weka ubao, ufunge kutoka chini na skrubu fupi. Sukuma chini na mkono. Ikicheza, rekebisha sasa. Siku ya kwanza weka mzigo mdogo, kesho yake kaza tena, ndio uongeze.

8. Mahali pa kukwepa

Usifunge juu ya kichwa cha kitanda wala pale mtoto hulala. Usifunge juu ya meko: moto na mafuta huharibu ubao, na kitambaa kikidondoka kwa gesi ni noma. Mtoto anayepanda vitu akiwepo, shelfu ya chini isiwe ngazi yake.

Na gundi? Gundi hushika rangi ya ukuta, na rangi hubanduka. Iachie fremu ya picha.

9. Siku ya kuhama

Toa skrubu. Fisha ikikataa kutoka, isukume ndani kidogo. Jaza filla ya ukuta, iache ikauke, piga msasa, pakia rangi. Ndio maana ni poa kumuuliza keateka mapema rangi inaitwaje. Ukifanya hivyo vizuri, picha zako mbili, ya kabla na ya baada, zitafanana, na hiyo dipoziti unaidai bila kubishana na mtu.