Timu ya Mchungaji Peach: Historia ya Klabu ya Kijiji cha Forest Green

Yamkini baadhi ya wasomaji watashangaa kukuta, katikati ya habari za wainjilisti, majengo na kwaya zetu, sura fupi ihusuyo timu ya mpira wa miguu ya kijiji kimoja cha Uingereza. Naomba mnivumilie. Timu hiyo ilianzishwa na mchungaji, nayo ilitimiza miaka 100 mwaka 1989. Jambo lililoipata katika mwaka ule wa jubilei linastahili kutafakariwa na kila jumuiya inayoadhimisha karne moja.

Katika karne ya 19 makanisa mengi ya Uingereza yaliwakusanya vijana wao kwa njia ya michezo. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti la mjini Birmingham, na Everton ilizaliwa mwaka 1878 katika kanisa la Kimethodisti la Liverpool. Mwaka 1888 hizo mbili zilikuwa miongoni mwa klabu 12 zilizounda Ligi ya Soka, yaani ligi ya wachezaji wa kulipwa. Klabu zote zilizobaki nje ya ligi hiyo zilijulikana, na hadi leo zinajulikana, kuwa klabu zisizo za ligi. Hizo ni timu za vijiji, viwanda na migodi, ambazo kwa kawaida wachezaji wake hufanya kazi nyingine juma zima na kucheza siku ya Jumamosi.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1889, Mchungaji E. J. H. Peach aliunda timu katika kijiji cha Forest Green. Kijiji hicho kipo juu ya kilima, na bondeni chini yake upo mji mdogo wa Nailsworth, katika jimbo la Gloucestershire. Mabonde hayo yalijulikana kwa viwanda vya kufuma nguo za sufu. Jina la Rovers, maana yake wazururaji, liliongezwa mwaka 1893. Mwaka 1911 timu iliungana na ile ya Nailsworth. Kwa miongo mingi ilicheza katika ligi za wilaya na jimbo, na magazeti ya miji mikubwa hayakuwa na habari zake.

Mwaka 1982 ulikuja mshangao. Forest Green ilifika fainali ya Kombe la FA Vase, shindano la klabu za ngazi za chini, katika uwanja mkuu wa Wembley jijini London. Wapinzani wao walikuwa timu ya wachimba makaa ya mawe wa kijiji cha Rainworth. Basi vijiji viwili vikasimama mahali ambapo mataifa hushindania vikombe, na Forest Green ikashinda mabao 3 kwa 0.

Ndipo ukafika mwaka 1989. Katika mwaka wake wa 100 klabu iliacha jina la kijiji chake, ikajiita Stroud, jina la mji jirani ulio mkubwa na unaojulikana zaidi. Hatuna haja ya kuwahukumu waliofanya uamuzi huo. Bila shaka walitafuta watazamaji na maendeleo. Lakini jina la kukopa halikudumu. Mwaka 1992 lile la awali likarudishwa. Mwaka 1997 na 1998 klabu ilipanda daraja mara mbili mfululizo, ikafika ngazi iliyo chini tu ya Ligi ya Soka, ikiwa na jina la kijiji. Mwaka 1999 ilifika fainali ya Kombe la FA Trophy, ikawa klabu ya kwanza kufikia fainali za vikombe vyote viwili, Vase na Trophy. Siku hiyo ilifungwa bao 1 kwa 0.

Kupanda huko kulikuwa na gharama. Kufikia mwaka 2010 klabu ilikuwa katika matatizo makubwa ya fedha, ikanusurika kwa msaada wa Bwana Dale Vince, mfanyabiashara wa umeme wa upepo kutoka Stroud. Yeye alibadili mengi: nyama iliondolewa katika vyakula vya uwanjani, na rangi za zamani, nyeusi na nyeupe, zikawa kijani. Jina hakuligusa. Tarehe 14 Mei 2017, pale pale Wembley, Forest Green iliifunga Tranmere Rovers mabao 3 kwa 1, ikaingia katika Ligi ya Soka baada ya miaka 128. Nailsworth, wenye wakazi wapatao 6,000, ukawa mji mdogo kuliko yote iliyowahi kuwa na timu katika ligi hiyo.

Mwaka 2022 ilipanda tena daraja ikiwa bingwa. Kisha ikashuka mwaka 2023, ikashuka tena mwaka 2024, ikarudi miongoni mwa klabu zisizo za ligi, mahali ilipoishi karibu maisha yake yote.

Wapendwa, Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba kuna apandaye na kuna atiaye maji. Jina la Mchungaji Peach aliyepanda limehifadhiwa. Lakini kati yake na ushindi wa Wembley kuna miaka zaidi ya 90 ya watu waliofua jezi, waliochora mistari ya chokaa uwanjani na waliokusanya viingilio kwenye mvua. Wengi wao hakuna anayewataja, na bila wao asingekuwapo mtu wa kupandishwa daraja wala wa kuokolewa na tajiri.

Nasi tunaposherehekea, tutasoma majina ya wachungaji waliotutangulia, na hiyo ni haki. Naomba wazee wetu wasichoke kuwaambia vijana pia majina ya waliofagia, waliochota maji na waliopiga kengele alfajiri, wangali wapo wanaoyakumbuka.