Kompyuta Haiwashwi, Hushuliwa

Rasimu ya istilahi za kompyuta iliyonifikia hivi karibuni, kwa mkono wa mtu aliyenitaka nisimtaje, imelipa tendo ambalo Waingereza huliita boot jina la "uwashilishi". Nimelisoma kimyakimya, nikalisoma kwa sauti, kisha nikamwita mke wangu aje alisikie, nipate shahidi. Akauliza kama ni maradhi.

Sina ugomvi na kamati iliyoiandaa. Nimepata kukaa kwenye kamati, naijua chai yake. Ila hii -lishi imezidi. Tarakilishi ilipoundwa kwa kugandisha tarakimu na akili, tulinyamaza, tukaendelea kusema kompyuta. Kikaja kipakatalishi, na hicho nakisifu kwa nusu yake ya mwanzo, maana kweli hupakatwa kama mtoto. Sasa -lishi imekuwa chumvi mkononi mwa mpishi asiyeonja. Mabwana hawa wametulisha -lishi mpaka tumevimbiwa.

Hata hivyo ningeinyamazia rasimu kama nilivyozinyamazia nyingine, lau si kisa kilichonikuta huku Jozani, Unguja. Kikundi cha wafugaji nyuki ambacho mimi ni katibu wake kina kompyuta moja ya mezani, inatumia Linux. Kijana wetu mmoja wa kijiji cha Pete ndiye aliyeisimika. Ilikuwa masika, msitu umejaa maji kama ilivyo kawaida yake, na jioni moja umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kujisasisha. Asubuhi nikabonyeza kitufe. Taa ikamulika, feni ikavuma, kioo kikajaa maandishi meupe juu ya weusi, mstari juu ya mstari, kisha yakaganda. Mstari wa mwisho ulisema kwa Kiingereza kuwa kiini, yaani kernel, kimeshikwa na kiwewe. Nikampigia simu kijana.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Mashine imegoma."

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Sasa imegoma vipi?"

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Kwa neno la kamati, mashine ile ilikuwa nzima. Ilikuwa imewashwa, inawaka, inakula umeme. Kuwasha ni kufanya kitu kiwake, kama vile kuamsha ni kufanya mtu aamke na kushusha ni kufanya mzigo ushuke. Ni neno la moto, limehamia kwenye taa, na kwenye taa linatosha. Kompyuta inayokataa kufika mahala pa kuulizia jina na nywila mara nyingi huwa imewaka vizuri sana. Kuifungia maradhi hayo ndani ya neno "washa" ni sawa na kusema mgonjwa haumwi kwa kuwa macho yake yamefunguka.

Wapo wanaosema "kuamsha". Hao nawaheshimu, wamekaribia. Lakini mashine hulazwa kwa muda na kuamshwa ikiwa na kazi zake zote mikononi, na tendo hilo si hili ninalolisema. Neno tumeshalitumia, haliwezi kuolewa mara mbili. Wapo wa "kuanzisha". Kuanzisha nini? Mjadala huanzishwa, ugomvi huanzishwa, na chama pia. Neno linalobeba kila kitu halikufikishii chochote. Na yupo mtaalamu mmoja, simtaji, ambaye amesimama na "kuzindua" kwa miaka. Zindua ina asili nzuri, ya kumtoa mtu katika usingizi mzito au kuzimia, na laiti ingebaki hapo ningemuunga mkono. Lakini siku hizi hakuna kinachozinduliwa bila ya mgeni rasmi, utepe na mkasi. Sisi hatuwezi kumngoja mgeni rasmi kila tukitaka kuandika muhtasari wa kikao cha asali.

Vijana wao wanasema "kubuti", na kamati inawakemea bila ya kujua kosa lao liko wapi. Buti kwetu ni kiatu cha askari, tena ni sehemu ya nyuma ya gari inapotiwa mizigo. Wakalifanya kitenzi. Lakini Kiingereza chenyewe hakikuanza na kiatu. Kilianza na kitanzi cha ngozi kinachoshonwa juu ya kiatu, cha kutia kidole ili mguu uingie. Katika karne ya 19 Wamarekani walimcheka mtu anayedai kujinyanyua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya mabuti yake mwenyewe. Ilikuwa dhihaka, mfano wa jambo lisilowezekana. Miaka ya 1950 mafundi wa kompyuta wakaiokota dhihaka ile, kwa kuwa walikutwa na fumbo lilelile: mashine haiwezi kusoma programu mpaka iwe na programu ya kuisomesha. Katika IBM 701, iliyotangazwa mwaka 1952, ulibonyeza kitufe, mashine ikasoma neno moja tu la biti 36, na neno hilo likawa na nguvu ya kuvuta jingine, na hilo likavuta mengi. Kisha wasemaji wa Kiingereza kwa uvivu wao wakalikata neno, wakabaki na kiatu. Anayesema "kubuti" amechukua kiatu akaacha kitanzi, na maana yote ilikuwa kwenye kitanzi.

Sasa nije kwenye neno langu, ambalo kwa kweli si langu. Ni -shua.

Kushua ni kukitoa chombo mchangani na kukitia baharini. Watu wa pwani wanalo tangu enzi, kamusi za zamani zimelihifadhi, na kamati za leo zimelipita kama walipa nauli wanavyompita kondakta aliyesinzia. Shua na shuka ni ndugu, kama pasua na pasuka, fungua na funguka, ng'oa na ng'oka: mmoja hutenda, mwengine hutendeka. Nimewasikia watu wenye shahada mbili wakidai kuwa shua ni shusha iliyomezwa silabi. Shusha ni binamu tu. Unashusha mzigo popote, hata darini. Huwezi kushua ila penye maji.

Tazama linavyolingana. Dau likimalizwa kuundwa liko juu ya mchanga, zito, halijiwezi. Fundi hungoja bamvua. Magogo hulazwa chini ya mkuku, watu hushika ubavuni, mmoja huita na wengine huitika. Dau hupanda gogo la kwanza, la kwanza likalifikisha la pili, la pili likalifikisha majini. Likipokewa na maji, magogo huachwa nyuma, hayaendi nalo safari. Na mashine ya Linux hufanya nini? Programu ndogo iliyokaa ndani ya ubao mama ndiyo inayoita. GRUB huitika, ndiyo gogo la kwanza. GRUB hukitafuta kiini na kukipandisha kwenye kumbukumbu. Lakini kiini nacho hakijui njia ya kulifikia jalada kuu la diski, kwa hivyo hupewa jalada dogo la muda, liitwalo initramfs, lenye funguo chache za kufungulia mlango. Mlango ukifunguka, jalada dogo hutupwa. Hilo ni gogo tupu! Baada yake systemd huziita huduma, nyingi kwa pamoja, na hapo ndipo mashine inapoelea.

Naam, kuelea. Neno la pili la jozi yangu. Kompyuta iliyokamilisha safari hiyo imeelea, na kila Mswahili anajua kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Tena kuelea ni kufahamika, tunaposema jambo limenielea. Lugha gani nyingine ingekupa chombo majini na maana kichwani kwa kitenzi kimoja?

Na ile iliyogoma? Nenda Unguja Ukuu usimame kwenye njia ya Uzi ipitayo mikokoni, ambayo kwa miaka mingi maji yakijaa ilifunikwa. Au nenda Chwaka wakati maji yametoka, uone ghuba ilivyobaki matope na mchanga na vyombo vimekaa upande. Vyombo vile vimepwelewa. Maji hupwa, na mahala yanapopwa tukapaita pwani. Kikipwelewa chombo, maana yake maji yamekipwelea, yakakiacha pakavu. Hakijavunjika, wala hakijatoboka. Kila ubao upo mahala pake, na nahodha yumo ndani, ila baina yake na bahari pana kitu kimepunguka. Mashine yetu ya asali ilikuwa hivyo hasa: diski nzima, hesabu zote zimo, umeme umekatika kabla jalada dogo halijamaliza kuandikwa, gogo moja halipo. Imepwelewa. Hebu liweke hilo kando ya "hitilafu ya uwashilishi" useme lipi limezaliwa na lipi limeshonwa.

Nimepingwa, tena si kidogo. Pingamizi la kwanza ni kuwa, kwa sarufi yangu mwenyewe, mashine iliyoshuliwa imeshuka, na mtu akisikia mashine imeshuka atadhani imekufa. Najibu kuwa chombo hakielei mpaka kishuke. Hofu ya kushuka ni ya watu wa milimani. Pingamizi la pili limetoka kwa yule bwana wa kuzindua. Alisimama mbele ya watu akasema neno langu "linanuka", kwa kuwa linakaribiana na kitenzi kingine kinachoishia na -ta. Watu wakacheka. Sikumjibu siku ile kwa sababu ya adabu, na kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kwake. Leo namjibu: lugha ikiogopa kila neno linalokaribiana na tusi, tutabaki na viunganishi. Pingamizi la tatu ni la vijana wa Dar es Salaam, kwamba kishua kwao ni maisha ya kitajiri na ushuani ni mitaa ya wenye nacho. Hilo halinisumbui. Atakayeweza kuishua mashine yake mwenyewe bila ya kumlipa fundi, na ajione yuko ushuani.

Niongeze na hili, maana limenikaa kooni. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaanza kazi kamati ya kukisanifisha. Tangu hapo sisi tunatoa lugha na kupokea rasimu. Niliwahi kuandika barua kurasa sita juu ya -shua, nikaipeleka kwa mkono. Jawabu sijalipata. Na mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, nilifurahi kama mtoto siku ya Idi: hatimaye menyu zilisema Kiswahili. Lakini menyu za ofisi huonekana chombo kikishaelea. Kile kioo cheusi cha kabla yake, mahala ambapo mtu ametahayari na anahitaji lugha ya mama kuliko popote, kimebaki Kiingereza hadi leo. Tumepaka rangi tanga tukausahau mchanga.

Majina hushika yanapotolewa na wanaoishi na kitu. Kima wetu wa Jozani, ambaye wageni humfuata kutoka Ulaya, wenyeji wamemwita kima punju, na punju ni sumu. Si jina la heshima, ila lina harufu ya msitu. Angeachiwa kamati angekuwa "kima mwekundu-mgongo asilia".

Kuhusu matumizi, nina machache. Shua mashine, ishue upya, mshuaji ni ile GRUB, flashi ya kushulia ni ile ya uokozi, mashine isiyoshulika imepwelewa. Na msomaji atakayepwelewa afanye alivyofanya kijana wetu: kwenye menyu ya GRUB achague kiini cha zamani, na kikielea, kwa Linux za ukoo wa Debian, aandike update-initramfs -c -k pamoja na toleo la kiini kilichogoma, kisha update-grub; kikigoma, ashue kwa flashi, aikague diski kwa fsck kabla ya kuipachika, aipachike pamoja na /dev, /proc na /sys, aingie ndani yake kwa chroot, kisha afanye hayohayo na aisimike GRUB upya. Ilimchukua chini ya saa moja, chai ikiwemo.

Siku ile, alipomaliza, nilimweleza yote haya, kuanzia kitanzi cha buti hadi bamvua. Alinisikiliza kwa adabu, akikunja waya zake. "Vizuri Maalim," akasema, na akaondoka.

Wiki iliyopita usiku alinitumia ujumbe. Tulikuwa tumeahidiana aje anitazamie printa. "Maalim nisamehe, nipo skuli moja huku, mashine imepwelewa, nitachelewa." Nikausoma mara tatu. Nikamwita mke wangu, nikamsomea. Kisha nikajibu: "Usijali mwanangu. Ukishaishua niarifu."

Baada ya saa moja simu ikalia tena. "Tayari Maalim, imebuti. Nakuja."

Ujumbe huo wa pili sikumsomea.